Kwa nini abiria wote hunyamaza: ushawishi wa watu wanaotuzunguka

Ukitoka Kisumu au Eldoret kuelekea Nakuru, barabara huanza kuteremka baada ya Mau Summit, ikapita Sachangwan na kushuka hadi Salgaa. Ni mteremko mrefu wenye malori mengi, na kila anayesafiri upande huu anajua historia yake ya ajali. Sasa fikiria matatu ya watu 14 iko kwenye mteremko huo, dereva anayapita malori mawili kwa mpigo na mbele haoni. Ndani kimya. Mama mwenye mtoto amekishika kiti cha mbele kwa nguvu. Mzee wa dirishani amefumba macho. Kila mmoja anaogopa, lakini akiwatupia jicho wenzake anaona nyuso tulivu, basi anajiambia huenda mwoga ni yeye peke yake. Wenzake nao wanamtazama yeye na kujiambia vilevile.

Hakuna aliyewaamuru wanyamaze. Tumezoea kuwaza kwamba ushawishi ni maneno: mwanasiasa jukwaani, mhubiri, rafiki mbaya anayempotosha kijana. Sehemu kubwa ya ushawishi haina maneno kabisa. Tunasoma sura za watu, foleni zao, mavazi yao na kimya chao, halafu tunajipanga kufuatana na tulichosoma. Wakati mwingine tumesoma vibaya, na kosa hilo linaweza kuua.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio linaloeleza matatu yetu vizuri kuliko hotuba nyingi za usalama barabarani. Waliwaalika wanafunzi kujaza fomu katika chumba, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake mara nyingi aliinuka kwenda kutoa taarifa. Asilimia 75 walifanya hivyo. Lakini mwanafunzi alipoketi na watu wawili waliopangwa kimakusudi wasijali moshi huo, ni asilimia 10 tu waliotoka kusema. Wengine walibaki wakikohoa, wakiupepea moshi usoni, wakiendelea kuandika. Hawakuwa wapumbavu. Waliwatazama wenzao ili wajue kama kuna hatari, na jibu walilolipata lilikuwa la uongo.

Hapa Kenya dawa ya ugonjwa huo ilijaribiwa mapema. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack walichukua zaidi ya matatu 2,000 za safari ndefu, wakazigawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilibandikwa ndani vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Ili vibandiko visibanduliwe, dereva aliyevitunza aliingizwa katika bahati nasibu yenye zawadi ya fedha. Kisha watafiti wakafuatilia madai ya bima. Katika matatu zenye vibandiko madai yalipungua kwa nusu au zaidi. Mradi mkubwa uliofuata, uliofahamika kwa jina la Zusha, ulipunguza madai kwa kati ya robo na theluthi. Ni athari ndogo kuliko ya kwanza, lakini kwa karatasi iliyobandikwa ukutani bado ni jambo kubwa sana.

Kwa nini karatasi ifanye kazi ambayo hofu ya kifo ilishindwa kuifanya? Abiria hakuhitaji kuambiwa kwamba mwendo wa kasi ni hatari. Alichokosa ni uhakika kwamba akifungua kinywa hatabaki peke yake, huku makanga akimwambia ashuke atafute gari lake. Kibandiko kinasomwa na wote, na kila mmoja anajua kwamba wenzake wamekisoma. Sasa anayelalamika anafanya kitu kinachotarajiwa, na wa pili humuunga mkono haraka zaidi.

Ili tuelewe zaidi, lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo kwa macho vinafanana. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki, aliwaweka watu katika chumba chenye giza totoro na kuwaonyesha nukta ya mwanga isiyosogea. Katika giza la namna hiyo jicho hudanganyika, mwanga huonekana kama unatembea. Aliwauliza umesogea umbali gani. Wakiwa peke yao kila mtu alikuwa na kipimo chake; walipoketi pamoja majibu yalikaribiana hadi kikundi kikawa na kipimo kimoja. Waliporudi kujibu wakiwa peke yao, waliendelea na kipimo cha kikundi. Hawakuwa wanaigiza. Waliamini.

Kuanzia mwaka 1951 Solomon Asch alichapisha jaribio tofauti. Mistari ilichorwa wazi, mmoja mfupi na mwingine mrefu, jambo ambalo mtoto wa chekechea angelijibu. Mtu mmoja aliketi na wengine waliopangwa wote watoe jibu moja lisilo sahihi. Karibu theluthi ya majibu yake yalifuata kosa la wengi, na robo tatu ya watu walikubali kosa angalau mara moja. Alipowaacha waandike jibu kwa siri badala ya kulitamka, makosa yalipungua sana. Hawa macho yao yaliona sawasawa. Walichokiogopa ni kuonekana tofauti.

Wanaosimulia jaribio la Asch husahau upande wake wa pili, nami naona ni muhimu vilevile: karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi, na mtu mmoja kati ya wanne hakuyumba hata mara moja. Mwanadamu hapelekwi kila upande upepo unakovuma. Husukumwa, na hupinga pia.

Mwaka 1955 Morton Deutsch na Harold Gerard waliyaweka mambo haya mawili katika mafungu yanayotumika hadi leo. Kuna kuwafuata watu kwa sababu tunadhani wanajua, na kuna kuwafuata kwa sababu tunataka watukubali. Ukifika Kisumu mgeni, una njaa, ukaona kibanda kimoja cha samaki kimejaa na cha jirani ni kitupu, utaingia kwenye umati. Hapo hutafuti sifa kwa mtu, unaazima ujuzi wa wenyeji. Lakini kwenye harambee, jina lako linaposomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi ulichotoa, ukiongeza elfu moja uliyopanga kulipia karo, hakuna jambo jipya ulilolijua. Umeongeza kwa sababu ya macho ya watu.

Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuuliza: mtu huyu angefanya vilevile kama hakuna anayemtazama? Akiendelea, amesadiki. Akiacha, alikuwa anajistiri. Ninalisisitiza swali hili kwa sababu makosa mengi ya kampeni za afya, kilimo na usalama hutoka hapa. Watu waliofungwa na aibu hupewa mihadhara, na watu wenye mashaka ya kweli hupigwa kelele waaibike. Kisha husemwa kwamba wananchi hawasikii.

Busia imetupa mfano mmoja ninaotamani kila afisa wa afya angeujua. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa shule za msingi 75, zaidi ya watoto 30,000. Shule hazikuanza pamoja. Ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Watafiti Michael Kremer na Edward Miguel waliona nafasi adimu ya kupima jinsi habari inavyosafiri kutoka mzazi hadi mzazi. Waliwauliza wazazi marafiki zao ni akina nani na watoto wa marafiki hao wanasoma wapi. Kila mtu alitarajia kwamba mama mwenye marafiki wengi katika shule zilizotangulia angekuwa amesikia sifa za dawa, hivyo angemruhusu mwanawe ainywe kwa urahisi.

Matokeo yalikuwa kinyume. Kwa kila rafiki mmoja zaidi katika shule za mwanzo, uwezekano wa mtoto kunywa dawa ulishuka kwa takriban pointi 3 za asilimia. Marafiki walikuwa wamezungumza kweli, na walichosema kiliwakatisha wengine tamaa.

Maelezo yake yamo katika namna minyoo inavyoenea. Mtoto aliyetibiwa haachi tena mayai ya minyoo kwenye udongo, kwa hiyo watoto wa jirani wasiotibiwa nao hupona kiasi. Faida kubwa huenda kwa wengine na haionekani kwa jicho. Kinachoonekana nyumbani ni tumbo lililouma siku ile na kichefuchefu. Mzazi akimwambia mwenzake, "Wangu alikunywa, akaugua jioni ile, na sioni tofauti kubwa," amesema ukweli wake. Tena, shule chache zilipotoza ada ndogo, watoto waliokunywa walishuka kutoka robo tatu hadi chini ya mmoja kati ya watano.

Wazazi hawa walisikilizana, wakapima, wakaamua. Kuwaita wajinga ni kuwaonea. Ushawishi wa taarifa ulifanya kazi barabara, ila taarifa iliyosafiri ilikuwa ya nyumba moja moja, na faida ilikuwa ya mtaa mzima. Mahali penye faida ya namna hiyo, kutegemea wanakijiji wasifiane dawa ni kuwatwika mzigo usio wao. Iwe bure, itolewe darasani na mwalimu, kila mtoto akiiona kuwa sehemu ya siku ya shule. Ndivyo mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2012 ulivyofanya.

Kisumu kuna hadithi yenye nyuzi zote mbili, wa kutafuta ujuzi na wa kutafuta kukubaliwa, na wa tatu juu yake. Kati ya 2002 na 2006 wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki katika utafiti wa tohara na virusi vya UKIMWI. Baada ya miaka 2, waliopata maambukizi walikuwa asilimia 2.1 ya waliotahiriwa na asilimia 4.2 ya wasiotahiriwa. Utafiti ulisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu ushahidi ulikuwa umetosha, na haikuwa haki kuwanyima wengine huduma hiyo.

Taarifa ilikuwepo, tena ya hapa hapa. Lakini kwa jamii ya Waluo kutotahiri hakukuwa uzembe wa kiafya. Kulikuwa sehemu ya utambulisho, kitu kilichowatofautisha na majirani zao wa Bungoma na Kakamega, na kilichotumiwa mara nyingi na wanasiasa kuwadharau. Kijana aliyefikiria kwenda kliniki hakupima virusi tu. Alijiuliza atakuwa nani akirudi nyumbani. Uzi huu wa tatu, wa kuwa mmoja wa watu wetu, una nguvu kuliko takwimu. Mtu akihisi kwamba kubadilika ni kuwasaliti wa kwao, ushahidi mwingi zaidi unaweza kumfanya akaze msimamo.

Wapangaji wa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2008 walilielewa hilo. Tohara ilielezwa kuwa huduma ya hospitali na ikatenganishwa na jando na mila. Baadhi ya wazee walipinga mwanzoni wakisema si desturi yao, na hawakulazimishwa kuiita desturi yao. Ilitosha waione kama uamuzi wa kiafya wa mtu binafsi. Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliiunga mkono hadharani. Uzito wa tamko lake haukutokana na cheo peke yake. Maneno hayo hayo yangetoka kwa waziri wa jamii nyingine, yangesikika kama tusi. Yalipotoka kwa mtu ambaye hakuna angemshuku kuidharau jamii yake, yalimpa kijana ruhusa ya kwenda kliniki na kubaki yule yule.

Uchunguzi wa kitaifa wa UKIMWI ulikuta wanaume waliotahiriwa Nyanza wamepanda kutoka takriban asilimia 48 mwaka 2007 hadi 66 mwaka 2012. Ni badiliko la kasi kwa jambo lililogusa mwili, ukoo na siasa kwa pamoja. Waliochelewa zaidi ni wanaume wa makamo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanaume wa Nyanza wenye umri wa miaka 25 hadi 49 waliahidiwa vocha za chakula ili kufidia siku za kazi watakazopoteza. Hata kwa vocha ya shilingi 1,200 waliojitokeza ndani ya miezi 2 walikuwa 9 tu kati ya 100. Fedha ziliondoa gharama ya siku za kazi, lakini hazingeweza kumwondolea mtu mzima haya ya kupanga foleni na vijana wa umri wa mwanawe.

Hadi hapa shinikizo la watu linaweza kuonekana kama adui. Mwanachama yeyote wa chama cha kuchangiana fedha atakukatalia. Nguvu ile ile inayomnyamazisha abiria ndiyo inayomfanya mama mboga wa soko la Kibuye alete mchango wake wa wiki hata mauzo yakiwa mabaya. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama 113 vya kuzungushiana fedha huku magharibi, vile ambavyo Kisumu huitwa nyoluoro. Katika baadhi yake waliongeza mfuko wa pembeni, ambao wanachama waliutumia kununuliana kwa zamu vitu vya afya kama chandarua. Baada ya mwaka mmoja, matumizi ya wanachama hao katika kujikinga na magonjwa yalizidi ya wasio na mfuko kwa asilimia 128. Wengine walipewa sanduku la kufuli la nyumbani lenye ufunguo wao wenyewe, nao wakazidi kwa asilimia 66.

Kuna jambo dogo katika utafiti ule ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Waliokuwa na ndugu wengi wanaowategemea walinufaika hasa fedha zilipotengwa kwa dharura ya ugonjwa tu. Shemeji akija kukopa, fedha zina kazi yake, na anayesema hivyo haonekani mchoyo. Wengi wetu hushindwa kukataa kwa sababu kukataa kunasomeka kama kukosa utu. Kanuni iliyowekwa mapema huibeba lawama hiyo.

Kabla ya kufika ninakotaka, neno moja kwa wanaoandika mabango na matangazo. Katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, Marekani, Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango ya kuzuia wizi wa vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lililolalamika kwamba wageni wengi wamechukua vipande hivyo lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa. Lililowaomba tu wasichukue halikufika asilimia 2. Unapotangaza barazani kwamba vijana wengi wa mtaa wanabeti au wanakunywa pombe haramu, kijana asiyefanya hivyo amejifunza kwamba yeye ndiye wa ajabu.

Turudi kwenye kimya, maana upande huu wa ziwa kipo pia kwenye mazishi. Zungumza na watu faraghani, Kisumu, Siaya au Vihiga, na wengi watakuambia gharama zimepita kiasi: hema, ng'ombe, fulana zenye picha ya marehemu, mashine za muziki, magari ya kukodi. Familia huuza kipande cha shamba kumsitiri mtu ambaye hospitalini alikosa fedha za vipimo. Lakini kamati ya mazishi ikikaa jioni, kila mmoja anapendekeza kiongezwe kitu. Orodha ya michango inawekwa kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema inatosha. Anayesema hivyo ataulizwa kama hakumpenda marehemu.

Mwaka 2020 serikali ilipopunguza idadi ya waombolezaji kwa sababu ya korona, watu wengi walizikwa haraka na kwa gharama ndogo. Ilikuwa huzuni kubwa kwa wengi, maana wengine hawakupata hata kuaga, na sitaki kulipita hilo kana kwamba ni kitu kidogo. Amri zilipoondolewa, mazishi makubwa yalirudi. Sidhani yalirudi kwa kuwa kila mtu aliyataka. Wakati wa amri lawama ilikuwa ya serikali, na amri ilipoondoka lawama ikarudi kwa wafiwa.

Asch alijaribu pia kumweka mtu mmoja tu mwingine chumbani anayetoa jibu sahihi. Kufuata kosa la wengi kulishuka hadi takriban asilimia 5. Serge Moscovici, huko Ufaransa, mwaka 1969 alionyesha upande mwingine wa jambo hilo: watu wawili kati ya sita wakishikilia bila kuyumba kwamba rangi ya buluu ni kijani, karibu asilimia 8 ya majibu ya wengine yaliwafuata, wakiyumba, karibu asilimia 1. Wachache husikilizwa wakidumu katika neno moja.

Kwa hiyo mjane anayetaka kumzika mumewe kwa kiasi asiachwe aseme peke yake siku ya tatu ya kilio, wakati wakwe wamekaa na hema limeshakodiwa. Hapo hana mshirika wala muda wa kudumu na neno lake. Kazi hiyo inawezekana miaka kadhaa mapema, kwenye chama ambacho tayari kina katiba, mweka hazina na faini. Wanachama wawili watatu wenye heshima, na itasaidia sana kama mmoja wao ameshamzika wake bila makuu, waingie mkutanoni wakiwa wameafikiana. Wapendekeze kiwango cha juu cha gharama za mazishi ya mwanachama, na fungu la michango litakalowekwa kwa karo ya watoto kabla ya kununuliwa ng'ombe hata mmoja. Kura ipigwe kwa karatasi, isiwe ya kuinua mikono. Siku ya msiba katibu asome kifungu hicho mbele ya kamati, ili anayenung'unika akinung'unikie chama.